Mali bila Daftari: Nafuu za Ushuru Tunazoziacha Zikatupita

Mwishoni mwa Juni mwaka jana, baada ya sala ya Isha, jirani yangu alibisha hodi akiwa ameikumbatia bahasha ya kaki. Ni muuguzi katika hospitali moja ya binafsi hapa mjini, mjane, mama wa watoto wawili. Alikuwa amesikia redioni kwamba siku za kujaza ritani za ushuru zinakwisha, naye kompyuta hana, akaja tusaidiane. Tukaketi, nikazitoa karatasi zake moja moja: fomu ya P9 aliyopewa na mwajiri, hati za mshahara, na chini kabisa cheti cha bima ya afya ya takaful anayojilipia yeye na wanawe, shilingi 3,000 kila mwezi.

"Hii umekuwa ukiidai nafuu yake?" nikamwuliza.

"Nafuu gani tena, dada? Si nalipa mwenyewe?"

Alikuwa akilipa tangu mwaka 2017. Sheria ya ushuru wa mapato humrudishia mwenye bima ya namna hiyo asilimia 15 ya anacholipa, kwa kumpunguzia ushuru wake. Kwake yeye ni shilingi 450 kwa mwezi, 5,400 kwa mwaka. Hakuna aliyemwambia. Mwajiri hakupewa cheti, wala hakukiuliza, na yeye hakujua kwamba kuna cha kuuliza. Usiku ule tulifanya hesabu. Ya miaka mitano tungeweza bado kuyaokoa, kwani sheria huruhusu ritani kurekebishwa ndani ya miaka mitano tangu ilipowasilishwa. Miaka mitatu ya mwanzo ilikuwa imekwenda, na shilingi 16,200 zake.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hizo zingewalipia watoto madrasa."

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo tumezoea kuuelekeza kwa wafanyabiashara, lakini mwenye mshahara naye unamhusu. Ushuru hukatwa wenyewe kila mwezi, upende usipende. Nafuu haiji yenyewe: humfikia anayeidai, naye awe na karatasi mkononi. Makala haya yanataja nafuu na makato ambayo familia zetu huyaacha yakapita. Takwimu zilizomo ni za mapato ya mwaka 2025, ambayo ritani yake inatakiwa kuwasilishwa kabla ya kumalizika tarehe 30 Juni 2026.

Makato ni kitu kimoja, nafuu ni kingine

Maneno haya mawili huchanganywa mno, na anayeyachanganya hukosea hesabu. Makato hupunguza mapato kabla ya kutozwa ushuru. Nafuu hupunguza ushuru wenyewe baada ya kuhesabiwa. Shilingi 100 za makato humwokolea shilingi 30 mtu anayetozwa asilimia 30. Shilingi 100 za nafuu humwokolea shilingi 100 kamili.

Viwango vyenyewe, kwa mwezi, ni hivi: shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, na zinazozidi hapo, hadi shilingi 500,000, hutozwa asilimia 30. Wenye mapato makubwa zaidi wana viwango vyao vya asilimia 32.5 na 35. Baada ya hapo kila mkazi wa Kenya mwenye mapato hupunguziwa shilingi 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka. Hii ndiyo nafuu ya mtu binafsi, nayo waajiri huitia wenyewe.

Tumchukue muuguzi wetu, na tuseme mshahara wake ni shilingi 70,000. Kwanza huondolewa mchango wa NSSF, asilimia 6, ambao ni shilingi 4,200. Kisha mchango wa bima ya afya ya jamii, SHIF, asilimia 2.75, shilingi 1,925. Kisha tozo ya nyumba za gharama nafuu, asilimia 1.5, shilingi 1,050. Zinabaki shilingi 62,825, na hizo ndizo zinazotozwa ushuru. Ushuru wake ni shilingi 13,630.85, ukitoa nafuu ya 2,400, anakatwa shilingi 11,230.85.

Hapa pana jambo la kwanza la kukagua. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, mchango wa SHIF na tozo ya nyumba huondolewa kwenye mshahara kabla ya ushuru kuhesabiwa. Kabla ya hapo zilikuwa zikitolewa nafuu ya asilimia 15 tu. Itazame hati yako ya mshahara. Ikiwa ushuru umehesabiwa juu ya mshahara wote bila ya kuondoa michango hiyo, unalipa zaidi ya unachodaiwa.

Bima ya afya, ya maisha na ya elimu

Nafuu ya bima ni asilimia 15 ya malipo, na kikomo chake ni shilingi 5,000 kwa mwezi au 60,000 kwa mwaka. Huhusu bima ya afya, bima ya maisha, na bima ya elimu ya mtoto yenye muda usiopungua miaka 10. Bima inaweza kuwa yako mwenyewe, ya mke au ya mtoto. Bima ya gari haimo, wala ya nyumba.

Wengi miongoni mwetu wamechagua takaful ili kujiepusha na yale yanayokatazwa katika bima za kawaida. Mbele ya sheria, kampuni ya takaful iliyopewa leseni ni kampuni ya bima, na mwanachama wake ana haki ya kuomba cheti cha malipo ya mwaka kama mwenye bima nyingine yoyote. Kiombe cheti hicho kila Januari. Nakala moja mpe mwajiri, na nyingine iweke. Ukisubiri kampuni ikuletee nyumbani, huenda ukasubiri sana.

Tahadhari moja: mkataba ukivunjwa kabla ya muda wake, nafuu uliyokwisha kuipata hurejeshwa serikalini kutoka katika fedha utakazolipwa. Kwa hivyo usiingie katika bima ya elimu ya miaka 10 kwa ajili ya nafuu ya ushuru peke yake. Ingia ukijua kwamba utaweza kuendelea nayo.

Akiba ya uzeeni

Michango ya mfuko wa pensheni uliosajiliwa huondolewa katika mapato kabla ya ushuru, hadi shilingi 30,000 kwa mwezi au asilimia 30 ya mshahara, ipi iliyo ndogo. Kabla ya mwisho wa 2024 kikomo kilikuwa shilingi 20,000. Mchango wa NSSF umo ndani ya kiasi hicho. Kwa mshahara wa 70,000, kikomo ni shilingi 21,000. NSSF imechukua 4,200, na nafasi iliyobaki ni kubwa.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba mtu anaweza kujiunga mwenyewe na mfuko wa pensheni wa watu binafsi, hata kama mwajiri wake hana mpango huo. Akiweka shilingi 5,000 kwa mwezi, ushuru wake hupungua kwa shilingi 1,500. Maana yake ni kwamba akiba ya 5,000 imemgharimu 3,500. Kabla ya kujiunga, mwulize msimamizi wa mfuko fedha zinawekezwa wapi, na kama upo mfuko unaofuata Sharia. Hilo ni swali la haki, na si la kuonea haya.

Wapo pia wazee wetu. Tangu tarehe hiyo hiyo ya 27 Desemba 2024, pensheni anayolipwa mtu aliyefikia umri wa kustaafu kutoka mfuko uliosajiliwa haitozwi ushuru. Mwana aliye karibu na baba au mama mstaafu na aitazame taarifa ya malipo yake, ahakikishe hakuna kinachokatwa.

Nyumba unayokaa

Aliyechukua mkopo wa kununua au kutengeneza nyumba anayokaa mwenyewe huruhusiwa kuondoa katika mapato yake riba anayolipa, hadi shilingi 30,000 kwa mwezi, 360,000 kwa mwaka. Tangu Julai 2025 kujenga nyumba nako kumeingizwa. Ni nyumba moja tu, ni lazima mwenyewe awe ndiye mkaaji, na mkopo uwe umetoka katika taasisi ya fedha inayotambuliwa na sheria hiyo.

Msomaji Mwislamu hufika kwenye neno riba akafunga ukurasa. Husema, mimi sikukopa kwa riba. Benki ilinunua nyumba ikaniuzia kwa faida, au tumeshirikiana nayo nikawa nanunua fungu lake kidogo kidogo. Basi haya si yangu. Hapa ndipo familia nyingi hujinyima haki yao. Sheria ya Fedha ya mwaka 2017 iliingiza katika sheria ya ushuru wa mapato malipo ya mikataba ya kifedha inayofuata Sharia, ikayaweka katika fungu moja na riba kwa ajili ya hesabu za ushuru. Hilo ni fungu la mtoza ushuru, na halibadilishi uhalali wa mkataba wako mbele ya Mwenyezi Mungu. Muradi wake ni kwamba aliyejiepusha na riba asiadhibiwe kwa uchaji wake.

Kinachotakiwa ni hati ya mwaka kutoka benki inayotenganisha bei ya nyumba na faida ya benki, kwa kuwa inayoondolewa ni sehemu ya faida peke yake. Iombe kwa maandishi. Mwenye mshahara wa 70,000 akiwa na faida ya shilingi 8,000 kwa mwezi, ushuru wake hupungua kwa 2,400.

Sasa tuyakusanye. Bima ya 3,000 imempunguzia 450. Akiba ya 5,000 imempunguzia 1,500. Nyumba imempunguzia 2,400. Jumla ni shilingi 4,350 kwa mwezi, 52,200 kwa mwaka. Si kila mtu ana yote matatu, na mshahara wa 70,000 huenda usiyamudu kwa pamoja. Lakini mwenye moja tu kati ya hayo, akiwa hajalidai, analipia ujinga wake kila mwezi.

Aliyefanya kazi nusu ya mwaka

Hili nililiona kwa mara ya kwanza nilipomsaidia mwanamke aliyeacha kazi ya mkataba alipoingia eda, na tangu hapo huliuliza kwa kila anayekuja na bahasha yake. Ushuru wa mtu binafsi ni wa mwaka mzima. Mwajiri hukata kwa mwezi akidhani kwamba mshahara ule utaendelea hadi Desemba. Anayeacha kazi katikati ya mwaka, kwa uzazi, kwa eda, kwa maradhi ya mzazi au kwa mkataba kumalizika, mara nyingi huwa amekatwa zaidi ya kinachostahili.

Tufanye hesabu. Mshahara ule ule wa 70,000, kazi ya miezi sita, Januari hadi Juni, kisha hakuna mapato mengine. Kilichotozwa ushuru ni shilingi 62,825 mara sita, yaani 376,950. Ukihesabu kwa viwango vya mwaka, shilingi 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, na 88,950 zilizobaki asilimia 25. Ushuru ni shilingi 51,037.50. Ondoa nafuu ya mwaka, 28,800, zinabaki 22,237.50. Lakini mwajiri alikwisha kukata 11,230.85 kwa miezi sita, yaani 67,385.10. Zimezidi shilingi 45,147.60.

Fedha hizo hazirudi kwa mtu aliyekaa kimya. Ni lazima ritani ijazwe kwa fomu ya P9 aliyoitoa mwajiri wa mwisho, mtandao wa iTax uonyeshe kilichozidi, kisha maombi ya kurudishiwa yatumwe huko huko. Muda wa kuomba ni miaka mitano tangu ushuru ulipolipwa. Mamlaka ya ushuru, KRA, huweza kuomba vithibitisho kabla ya kulipa, na malipo huenda yakachukua muda. Subira inahitajika, na karatasi pia.

Kwa hivyo, dada msomaji, ukiacha kazi usiondoke bila ya P9 yako. Ukiwa katika huzuni au ulezi wa mtoto mchanga, mpe amana hiyo ndugu unayemwamini.

Mwenye ulemavu na msamaha wake

Katika mambo yote ya makala haya, hili ndilo lenye uzito mkubwa zaidi, nalo ndilo linalofichwa zaidi. Mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, akapata cheti cha msamaha kutoka KRA, hatozwi ushuru kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya kila mwezi. Juu ya hapo huweza kuondoa gharama zinazotokana na ulemavu wake, kama vile dawa na huduma za nyumbani, hadi shilingi 50,000 kwa mwezi.

Mwenye mshahara wa 70,000 maana yake halipi ushuru wa mapato kabisa. Yale 11,230.85 ya kila mwezi hubaki nyumbani kwake. Kwa mwaka ni zaidi ya shilingi 134,000.

Njia yake ina hatua tatu. Kwanza, uchunguzi wa daktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Pili, usajili katika Baraza. Tatu, maombi ya msamaha kupitia iTax, yakiambatana na hati hizo na barua ya mwajiri. Cheti kina tarehe ya kwisha, na ni juu ya mwenyewe kukihuisha mapema. Kikiisha, makato hurudi.

Kwa nini wengi hawakiombi? Baadhi hawajui. Baadhi, tuseme kweli, wanaona haya. Katika nyumba zetu bado yupo mwalimu asiyesikia vizuri kwa sikio moja ambaye hataki wenzake wajue, na yupo karani mwenye mguu uliopooza ambaye mama yake alimlea akimwambia asijionyeshe. Ulemavu si wote unaoonekana kwa macho, na si kila upungufu utakaokubaliwa na madaktari. Lakini anayeona haya kwenda kupimwa hulipia haya hiyo kila mwisho wa mwezi, na watoto wake hulipa pamoja naye.

Sadaka na cheti

Ushuru wa serikali hauondoi faradhi ya zaka. Kila kimoja kina mahali pake. Hata hivyo sheria ya Kenya huruhusu mchango wa hisani uondolewe katika mapato yanayotozwa ushuru, kwa masharti. Taasisi iliyopokea iwe na cheti cha msamaha wa ushuru kutoka KRA. Mchango uwe umetolewa moja kwa moja, usiwe wa kurejeshwa, wala usiwe na manufaa ya kumrudia mtoaji. Mtoaji awe na risiti, nakala ya cheti hicho, na maandishi ya taasisi kwamba fedha zitatumika kwa hisani tu.

Usajili wa taasisi peke yake hautoshi. Hapa wito ni kwa kamati za misikiti, madrasa na nyumba za mayatima: ombeni cheti hicho. Mkikipata, kila mhisani wenu atakuwa na sababu ya ziada ya kutoa kwa utaratibu, na hesabu zenu zitakuwa safi mbele ya wote.

Sadaka ya mkono wa kulia usiojulikana na wa kushoto haina risiti, na haihitaji. Malipo yake yako kwengine. Anayetaka kuitoa hivyo na aitoe kwa furaha, wala asiitafutie cheti.

Vyumba vya kupangisha na biashara ndogo

Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vya kupangisha ni tegemeo la wajane na wazee wengi. Mapato ya kodi ya nyumba yanayoanzia shilingi 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya kodi yote, kila mwezi, bila ya kuondoa gharama. Wengi hudhani hiyo ndiyo njia pekee. Mwenye nyumba anaweza kumwandikia kamishna kwamba anachagua njia ya kawaida ya mwaka, ambamo gharama za ukarabati, ada za ardhi, bima na ulinzi huondolewa kwanza. Mwenye gharama nyingi huweza kulipa kidogo zaidi kwa njia hiyo. Asiye na gharama huenda akaumia. Hesabu zote mbili kabla ya kuchagua.

Na nyumba ya mirathi? Mara nyingi kodi yote hukusanywa na kaka mkubwa na kutangazwa kwa jina lake, kana kwamba ni mapato yake peke yake. Ikiwa mirathi imekwisha kugawanywa kupitia Mahakama ya Kadhi, kila mrithi ana fungu lake, na kila mmoja hutangaza la kwake. Fungu la dada likiwa chini ya shilingi 288,000 kwa mwaka, kodi hiyo ya asilimia 7.5 haimgusi. Hii ni sababu moja zaidi ya kutochelewesha mirathi.

Kwa kina mama wa mahamri, viazi karai, mikoba na nguo: kodi ya mauzo ya asilimia 3 huwahusu wenye mauzo yanayozidi shilingi milioni 1 kwa mwaka, hadi milioni 25. Aliye chini ya hapo haimhusu. Lakini atawezaje kuthibitisha kwamba yuko chini ya hapo bila ya daftari?

PIN iliyolala

Wapo mabinti waliochukua PIN kwa ajili ya mkopo wa masomo, na mama waliochukua kwa ajili ya akaunti ya benki, kisha hawakufanya kazi yoyote. Huamini kwamba asiye na mapato hana la kuwasilisha. Sivyo. Aliyesajiliwa kwa ushuru wa mapato hutakiwa kuwasilisha ritani tupu kila mwaka, nayo haigharimu kitu. Anayechelewa hupigwa faini ya shilingi 2,000, na kwa miaka michache deni hilo hukua juu ya mtu asiye na kipato. Dakika kumi za mjukuu mwenye simu zinatosha kumwepusha bibi yake na deni hilo.

Mpaka wa haki

Kudai nafuu si kukwepa ushuru. Aliyeiweka nafuu katika sheria ni Bunge lile lile lililouweka ushuru wenyewe, na anayeichukua kwa haki hajamdhulumu mtu. Lakini mpaka upo, na ni mwembamba. Kila msimu wa ritani hutokea watu wa kujitolea "kukutengenezea" ushuru urudi, kwa kukuandikia bima ambayo huna au mkopo ambao hukuchukua. Huo ni uwongo ulioandikwa kwa jina lako, na saini ni yako. Hatia yake mbele ya sheria ni yako, na mbele ya Mola wako pia. Usimpe mtu neno lako la siri la iTax akaenda nalo. Kaa naye, usome kila mstari kabla ya kutuma.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Tunaisoma katika Ramadhani, tukaipita. Ndani yake mna funzo kwamba mambo ya fedha yaandikwe, yawe madogo au makubwa, ili haki ya mtu isipotee na shaka isiingie.

Bahasha moja

Kwa hiyo anza na bahasha moja, au faili, au bati la biskuti lililokwisha biskuti zake. Weka humo P9 ya kila mwaka. Cheti cha bima. Taarifa ya mfuko wa pensheni. Hati ya benki ya nyumba yako. Risiti za michango. Na nakala ya cheti cha msamaha, kwa mwenye nacho. Zikae kwa miaka mitano isiyopungua.

Kisha peleka nakala kwa mwajiri. Tangu tarehe 1 Julai 2025 sheria inamlazimisha mwajiri kutia nafuu na makato yote yanayomstahili mfanyakazi kabla ya kumkata ushuru. Kabla ya hapo wengine walikuwa wakisema, utaidai mwenyewe mwisho wa mwaka. Sasa neno hilo halina nguvu tena, lakini mwajiri hawezi kutia asichokijua. Na ukikwama, nenda katika kituo cha Huduma kilicho karibu nawe au ofisi ya KRA, uulize. Kuuliza si ujinga.

Jirani yangu aliyarekebisha ya miaka yake, akatuma maombi, na mwajiri wake sasa anamtilia nafuu ya bima kila mwezi. Ni shilingi 450. Katika macho ya mtu mkubwa si kitu. Yeye ameziwekea kibubu chake cha pembeni, na juu yake amebandika kijikaratasi chenye neno moja: madrasa.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika tunachokipata, na atujaalie kuwa wenye kuhifadhi amana. Amin.